Leso Moja, Mfuko Mmoja

Mwezi uliopita nilirudi Bongwe kumwaga sakafu ya nyumba ninayoijenga, na fundi niliyemwita alikuwa kijana kutoka Ukunda, mwenye simu kubwa na maneno ya haraka. Alivuta futi yake huku na huku, akabonyeza simu, na kabla chai niliyomkaribisha haijapoa akanipa hesabu yote: simiti, mchanga, kokoto, maji na vibarua. Kisha akaniuliza, "Madam, slabu tuweke inchi ngapi? Hata tatu iko sawa, utasave."

Nilimjibu nne, tena nikamwambia mchanga usiwe wa ufuoni kwa sababu una chumvi. Akanitazama, akauliza kama nilisomea ujenzi. Nikamwambia la, mimi ni mshonaji wa nguo. Hakuuliza zaidi, nami sikuendelea, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Lakini wewe huna haraka. Sogea basi, nikueleze nilikojifunza hesabu ya zege.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya udongo na makuti, si mbali na hapa. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu, mweupe na laini, unaozama mguu hadi kifundoni. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuufagia kwa ufagio wa chelewa, zile njiti za majani ya mnazi, kabla ya kwenda shule, na nikimaliza ulikuwa na michirizi mizuri kama nywele zilizochanwa. Jikoni kulinuka moshi wa vifuu na mbaazi zinazotokota. Mama alikuwa ameshatoka zamani, anatembea kwa miguu kuelekea Diani, ambako alifua mashuka katika hoteli moja. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki nikiwa bado nanyonya. Aliyetulea mchana kutwa ni bibi, mama yake mama.

Bibi alikuwa msukaji wa makuti. Aliketi barazani, miguu ameinyoosha mbele, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku mdomo ukiwaamkia wapita njia. Hakuna aliyepita mbele ya nyumba yetu bila kutoa shikamoo na kuulizwa habari za mgonjwa wake, mbuzi wake au shamba lake. Alikuwa na msemo wake: "Salamu haina bei, lakini anayekunyima amekuibia." Nilidhani kila bibi duniani yuko hivyo.

Halafu ukaja ugonjwa wa sukari. Kidonda kidogo cha unyayoni, alichokipata kwa kukanyaga kifuu, kikakataa kupona. Alipakwa dawa za kienyeji, akapakwa za dukani, mpaka mama akachoka kungoja, akampeleka hospitali kule Msambweni. Alirudi baada ya majuma kadhaa, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Sikumwona akilia. Alinitaka nimletee makuti yake, nami nikafurahi nikidhani mambo yamekwisha.

Watu wa kanisa moja la karibu na barabara kuu, wengi wao wageni kutoka bara, walisikia habari zake, wakamletea kiti cha magurudumu. Bibi aliwashukuru kwa dua ndefu, nao wakaitikia amina. Walipoondoka alijaribu kukiendesha mwenyewe uwanjani. Kikaenda hatua chache, magurudumu yakazama mchangani, na kila alipoyasukuma yalizidi kujichimbia. Ilibidi mama na jirani yetu wamnyanyue yeye kwanza, kisha kiti.

Toka hapo bibi akawa wa kubebwa. Choo chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, na mlango wa pekee ulikuwa wa mbele, hivyo kumpeleka ilikuwa kuizunguka nyumba nzima huku amewaning'inia watu wawili mabegani. Mama akiwa kazini, nilikimbilia kwa jirani, na kama jirani yuko shamba, nilikimbilia kwa mwingine. Waliokuja walikuja kwa moyo mweupe. Lakini bibi, yule wa salamu, akaanza kuwa kimya. Wapita njia wakimwamkia aliitikia bila kuinua macho, kwa sababu asubuhi hiyohiyo huenda ndio waliombeba.

Mama ndiye aliyegundua jambo jingine. Jioni moja aliinua mtungi wa bibi akakuta maji yako palepale alipoyaacha alfajiri. Kesho yake vilevile. Daktari alikuwa amesisitiza anywe maji mengi, na midomo ya bibi ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Mama alimwuliza anaumwa nini. Bibi akasema haumwi. Mama akauliza tena, na tena, hadi bibi akasema kwa sauti ya chini kwamba asiyekunywa hahitaji kupelekwa.

Mama alitoka nje, akasimama uwanjani, akautazama mchanga ule kama mtu anayemtazama adui. Aliporudi ndani alisema atamwaga zege, kutoka kitandani kwa bibi hadi mlango wa choo, na kwamba ataimaliza kazi hiyo kabla ya masika.

Habari zilimfikia mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mlinzi katika jumba moja la kifahari ufuoni. Alikuja siku yake ya mapumziko, akiwa na mkate na sukari nguru, akaketi na mama barazani. Alisema simiti ni ya watu wa mahoteli. Alisema nyumba yenyewe ni ya udongo, itaanguka, na zege litabaki pale kama kaburi. Pesa hizo ziwekwe, siku moja zijengee nyumba ya mawe. Kuhusu bibi, alisema ana watoto, ana wajukuu, ana majirani. "Mama atabebwa," alisema. "Kubebwa na wanao si aibu."

Bibi alikuwa ndani, na ukuta wa udongo hauzuii neno. Akamwita kwa jina lake la utotoni. Mjomba aliinuka akaenda kusimama mlangoni.

"Mimi niliwabeba nyinyi mlipokuwa hamjui haya," bibi alisema. "Mimi naijua."

Mjomba alikaa kidogo, akaaga, akaenda zake. Mkate ule tuliula kwa chai ya jioni.

Jumapili iliyofuata mama alimleta fundi. Alikuwa mtu wa bara, amehamia kwetu kwa sababu ya kazi za majumba ya Diani, mrefu, mwenye vumbi la simiti kwenye nyusi hata siku ya kanisa. Alimwita bibi "nyanya", kama wanavyosema kwao, nami nikacheka kwa kuwa kwetu nyanya ni tungule, zile za kuungia mchuzi. Bibi alinikata jicho, akamfundisha fundi kusema shikamoo. Alijifunza siku hiyohiyo, na hakuisahau tena.

Alipima kwa uzi wenye mafundo. Alipima chumba cha bibi, ukumbi, baraza, kisha njia ya kuizunguka nyumba hadi chooni. Halafu alichuchumaa uwanjani akaanza kuandika kwa msumari mchangani, kwenye michirizi yangu ya asubuhi. Urefu mara upana mara unene, alisema, ndiyo hiyo tu. Lakini akatuonya kwamba zege ni mlafi. Ukichanganya vitu vikavu, kokoto humeza mchanga, mchanga humeza simiti, na lundo lililokuwa kubwa hushuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo mnunuzi lazima aongeze nusu tena juu ya kile alichokihesabu, la sivyo atakwama katikati ya kazi. Karai mbili za simiti, ambazo ndizo mfuko mmoja, huenda na nne za mchanga na nane za kokoto.

Jumla yake ilikuwa mifuko ishirini na mitano. Akaitaja na gharama. Ilikuwa zaidi ya mshahara wa mama wa miezi minne, na bado hujaweka mchanga wala ujira.

Mama aliuliza kama unene hauwezi kupunguzwa, uwe inchi mbili. Fundi hakumkemea. Alisema wengine humwaga mbili, nalo hupasuka msimu wa kwanza, gurudumu linakwama kwenye ufa, na mzee anaanguka. Kama ni kupunguza, bora kupunguza urefu au upana kuliko unene. Bibi, ambaye tulikuwa tumemweka mlangoni aone, akasema basi kitanda chake kihamishiwe chumba cha nyuma, karibu na choo, njia iwe fupi.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya nazi na kuni, hakina hata dirisha. Mama alitikisa kichwa. Alisema hawezi kumficha mama yake nyuma kama kuni. Akaanza kutembea. Aliingia chumbani kwa bibi, akatoka, akazunguka ubavuni mwa nyumba, akaupigapiga ukuta kwa kiganja. Kisha akarudi chumbani, akaita, nasi tukamsikia kupitia ukutani kama vile hapakuwa na ukuta.

"Fundi, huu ni udongo. Ukuta wa udongo ni wa kukatwa kwa panga. Nikitoboa mlango hapa, ni umbali gani hadi choo?"

Fundi alikwenda na uzi wake. Kutoka ubavu ule, choo kilikuwa kinaonekana. Alipima, akapima tena, akafuta hesabu ya kwanza kwa mguu. Njia ya kuzunguka nyumba ilikuwa imekatika nusu. Ukumbi na baraza vikaachwa. Upana nao akaupima upya kwa kiti chenyewe, akaacha nafasi ya mikono pande zote mbili, ukatoka kama mita moja.

Bibi alitaka kujua mita moja ni kitu gani. Fundi alitafuta namna ya kumweleza, akaiona leso ya kujifunga iliyoanikwa kwenye kamba. Akaitandaza mchangani. Alisema, kwa unene wa inchi nne, mfuko mmoja wa simiti unafunika kama eneo la leso hii. Bibi akaitazama ile leso, akamtazama fundi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Msambweni nikaona macho yake yamechangamka.

"Leso moja, mfuko mmoja," alisema. "Basi zitandazeni nione."

Nilitumwa kwa majirani kuazima. Walikuja wenyewe na leso zao, wakitaka kujua kuna nini, na wakazitandaza moja mbele ya nyingine kutoka mlango wa choo hadi ukutani, kisha ndani ya chumba, kitanda kikasogezwa. Uwanja mzima ulikuwa maua na michoro ya korosho na maneno ya mafumbo. Bibi alihesabu kwa kidole. Zilikuwa kumi na moja, na kipande kilichobaki pembeni. Fundi akaangalia namba zake za mchangani, akasema kumi na miwili, tusijibane.

Nakwambia, hesabu ile ilibadilisha kila kitu. Kabla ya hapo tulikuwa na jumla iliyotutisha. Sasa tulikuwa na leso. Jirani mmoja, mama mnene aliyekuwa akiuza viazi karai, aliinama akaiokota yake, akasema kipande hiki kokoto zake nitavunja mimi. Mwingine akasema na hiki changu. Kokoto za lori zilikuwa ghali, lakini mawe ya matumbawe yalikuwa yamejaa kwenye machimbo ya jirani, na fundi alikubali kwamba kwa sakafu ya kupita mtu na kiti yatatosha, mradi tuchague magumu na tuyavunje madogo.

Kwa hiyo tuliyavunja. Jioni baada ya jioni, mama akirudi kutoka kufua mashuka ya watu, alijifunga kitambaa vidoleni, akachukua nyundo. Wanawake walikaa duara, kila mmoja na pete yake ya mpira wa baiskeli ya kuzungushia jiwe ili vipande visiruke machoni. Ko, ko, ko. Vumbi jeupe lilitukaa kwenye kope, na ulimini nilikuwa naonja chokaa hata nikila wali. Bibi alidai nyundo yake. Mama alitaka kukataa, akaiona sura ya mamake, akampa. Alivunja akiwa kwenye kiti, jiwe juu ya kigogo, na asubuhi alirudi kwenye makuti, ambayo mkandarasi mmoja wa mabanda ya hoteli alikuwa akiyanunua. Pesa zake zote zilipelekwa kwa mwenye duka la simiti. Hatukuleta mifuko nyumbani, kwa sababu hewa ya kwetu ina unyevu na simiti huganda ndani ya mfuko. Tulilipia kidogokidogo, ikakaa dukani.

Wakati ule nilijifunza kumjua mama. Nilikuwa nimemzoea kama mtu mpole, anayesema ndiyo kwa kila mtu. Sasa nilimwona akimrudisha mwenye mkokoteni na mchanga wake wote, kwa sababu aliutia ulimini akaonja chumvi. Nilimwona akikataa kununua viatu vyake mwenyewe vilipokatika, akavifunga kwa waya. Aliponiona nikimtazama alisema, "Tusipofika kabla ya masika, tutafika wakati wa masika."

Tulifika kabla, kwa siku chache tu. Jumamosi moja asubuhi mama alishika panga akaukata ukuta yeye mwenyewe, na mwanga ukaingia chumbani kwa bibi kutoka upande ambao haujawahi kutoka. Fundi na wasaidizi wake wawili walichanganya kwa mabeleshi juu ya mabati. Sisi tulichota maji kisimani. Bibi alisimamia chakula: alikuna nazi, akapika wali, na mchuzi wa papa mkavu ambao harufu yake iliwafanya mafundi waulize saa kila baada ya muda mfupi.

Njia ilimwagwa vizuri, leso baada ya leso. Mambo yaliharibika chumbani. Walipoanza kusawazisha, fundi aliingiza fimbo yake akaona sakafu ya udongo imebonyea katikati, chini ya pale palipokuwa na mkeka, kina cha kiganja zaidi ya pembeni. Hakuwa amelipima hilo. Bibi alisema kwa huzuni kwamba ni yeye, ameufagia udongo ule miaka yote ya ndoa yake, ndio umekwenda. Zege likaingia kwenye shimo lile na kupotea, na mifuko ikaisha kipande kizima kando ya kitanda kikiwa bado wazi. Kusini wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Fundi alisema lile lililomwagwa likianza kuganda, litakalofuata halitashikana nalo vyema.

Mama hakuwa na hata nauli. Alichukua simu ya jirani, akampigia mjomba, na sisi sote tulimsikia.

"Kaka, zege limepunguka. Tunataka mifuko miwili sasa hivi. Mengine yote utaniambia kesho."

Akakata. Fundi aliwaambia wasaidizi wake wasimame, wawe tayari. Tulifunika lililomwagwa kwa magunia mabichi. Nilikuwa naangalia barabara, kisha wingu, kisha barabara, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba mjomba hatakuja.

Tuktuk ilikuja ikiyumba, imelala upande mmoja kwa uzito. Ilizama mchangani mbali na nyumba, basi mjomba akashuka akiwa na sare yake ya ulinzi, akajitwika mfuko begani, akaja nao akizama hatua kwa hatua. Akarudi kuchukua wa pili. Aliutua, akanyoosha mkono kwa msaidizi mmoja, akampokea beleshi. Bibi alikuwa akimtazama kutoka barazani.

"Vua shati kwanza, mwanangu," alimwambia. "Kesho una kazi."

Akavua. Walimaliza mvua ya kwanza ikidondoka, na mjomba ndiye aliyepanda juu kuweka makuti ya ziada pale juu ya mlango mpya.

Fundi alituamrisha tulimwagilie zege kwa wiki nzima na tusilikanyage. Kazi hiyo nilipewa mimi, pamoja na kuwafukuza kuku, na mpaka leo sijapata cheo kikubwa kuliko kile. Ilipofika siku, watu walikuja kama wanaokuja arusini. Bibi alisema hataki hadhara. Aliwaomba wote waende barazani wanywe chai ya tangawizi, na wakaenda, tukabaki mama na mimi. Alishika magurudumu, akasukuma. Kiti kikateleza kwa sauti ndogo ya mpira juu ya kitu kigumu. Alikwenda polepole, akafika, akaingia, na tukasikia komeo likifungwa kwa ndani. Mama alikaa chini palepale, juu ya zege, akajifunika uso kwa leso yake.

Mchana ule bibi aliomba maji, akayamaliza, akaomba tena. Na jioni alikuwa barazani, anamwuliza mpita njia habari za mbuzi wake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mjomba alisema kweli kuhusu nyumba: ilianguka, kama alivyotabiri, miaka michache baada ya bibi kufariki, na zege likabaki peke yake kwenye nyasi, njia fupi nyeupe isiyotoka popote. Baadaye uwanja uligawanywa, na zege nalo likavunjwa.

Zege silisikitikii sana. Ninachokikosa ni kitu kingine. Siku ile nilipotumwa kuazima leso, hapakuwa na mlango wa kubisha kati yetu na jirani wa mwisho. Walisikia nyundo wakaja. Walinusa papa wakaja. Walijua nani kalala na nani hakulala. Wengi wao wametangulia, na muuza viazi alihamia kwa mwanawe huko Matuga. Mahali pao pamejengwa nyumba nzuri za mawe, kila moja na ukuta wake na geti la chuma, na mimi pia fundi wangu ameshanipa makadirio ya ukuta. Asubuhi napita katikati ya kuta hizo nikiwa na salamu mdomoni na sina wa kumpa. Na mara nyingine husimama kidogo mbele ya geti moja au jingine, nikijiuliza kama huko ndani kuna mtu anayengoja kubebwa, na ni jirani gani aliyeambiwa.